Koti la Kwenda Zizini

Kanye,
Novemba 14.

Kwako mdogo wangu Gaolathe,

Nakusalimu wewe, mkeo na watoto, na Baba Mdogo Ramotse ambaye nasikia mguu umeanza tena kumsumbua. Natumaini barua hii itawakuta nyote mko salama na kwamba hata kwenu Molepolole mawingu yamekwishaanza kukusanyika. Sisi huku tunayaona tu yakipita kwenda kwa wenye bahati. Mimi ni mzima wa mwili. Oratile wetu naye hajambo, kazi yake Gaborone inakwenda, na anamsalimu mjomba wake.

Utajiuliza kwa nini dadako anakuandikia barua wakati simu zipo. Nimekuandikia kwa sababu tangu Agosti kila nikikupigia nikataja jina la shemeji yako, unasema mtandao mbaya, kisha unakata. Barua haina mtandao. Isome mpaka mwisho, tena ukiwa umekaa.

Unajua mimi na Modisaotsile tulivyopanga. Tulikubaliana tusingoje sitini. Tumeona wenzetu waliongoja. Kiinua mgongo kinafika huku mwenyewe anabebwa. Miaka mingi, kila Jumapili tukitoka kanisani, tulikaa na chai yetu na maandazi tukapanga: yeye aache kazi ya kutengeneza pampu za visima vya serikali, mimi niache chaki, tuhamie kambi yetu ya ng'ombe kule mchangani, mbele ya Letlhakeng. Yeye alitaka kisima chake mwenyewe na ng'ombe wa kututosha. Mimi nilitaka vitu viwili tu: jiko lenye dirisha linalotazama mashariki, na nisisikie kengele tena maishani mwangu. Nimeitikia kengele tangu nikiwa na miaka saba, Gaolathe. Nimechoka.

Yeye aliacha kazi Julai, akatangulia kambini kujenga. Mimi nilipaswa kupeleka barua yangu ya kustaafu kabla Septemba haijaisha, ili Desemba shule zikifungwa nifunge nazo. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu.

Sasa sikiliza. Jumamosi moja ya Agosti, akiwa amekuja nyumbani kuchukua dizeli, aliamka kabla ya jogoo. Nikamwona gizani anapapasa kabatini, anatoa koti. Lile la kijivu, alilovaa siku Oratile alipomaliza chuo. Nikamuuliza unakwenda wapi na koti. Akasema anakwenda kambini, kuna baridi. Haya, baridi ilikuwepo, lakini ana jaketi la kazini lenye manyoya ndani, na lilikuwa limetundikwa palepale. Nani huvaa koti kwenda kunywesha ng'ombe? Kwetu mwanamume anayevaa koti Jumamosi jua halijatoka ana safari mbili tu: kuzika au kuposa. Na mimi nilikuwa sijasikia msiba wowote.

Nililala tena lakini sikulala. Siku hiyo ndiyo nilikupigia mara ya kwanza kukuuliza kama umesikia jambo, na siku hiyo ndiyo mtandao wako ulianza kuugua.

Jumatatu nilimweleza Gabanakitso, yule mwalimu tunayefundisha naye darasa la nne. Najua utasema nilikosea mtu wa kumweleza, na kweli yule akipewa cheche anarudisha moto. Nilimwambia mume wangu hawezi kuoa mwingine, tulifunga ndoa kwa mkuu wa wilaya, tuna cheti. Akacheka, akaniambia cheti cha serikali hakizuii ng'ombe kutembea. Akaniambia wanaume wakishakwenda kuishi kule na hela ya kustaafu mkononi, huoa kienyeji msichana wa kambi ya jirani, na mke wa mjini huja kujua siku ya mazishi. Akamalizia kwa kunikumbusha, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba isitoshe mimi sikutolewa mahari.

Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli. Tulipooana ulikuwa mwaka wa ukame, ng'ombe wanakufa wamesimama. Baba akasema waoane tu, mifugo italetwa mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha, Baba akafa, na jambo likalala. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijigamba kwamba mimi ni mwalimu, si mbuzi wa mnadani. Lakini kila harusi na kila msiba wanawake walipojifunga yale mablanketi yao ya miraba mabegani, ya wake waliotolewa mahari, mimi nilikaa nyuma na kisweta changu, najifanya nashughulika na vikombe. Sijawahi kukwambia hilo. Miaka ishirini na minne ya vikombe.

Basi mwanzoni mwa Septemba akaja tena nyumbani. Nikitafuta spana nyuma ya kiti cha pikapu, nikakuta mfuko. Ndani blanketi la miraba, jipya, bado lina harufu ya duka. Nililirudisha kama nilivyolikuta. Usiku akala ugali wangu wa mtama, akausifu. Nilimtazama anavyotafuna nikajiuliza huyo mwanamke ni wa nani, ana miaka mingapi, na je, anajua kupika. Nikamwambia nitakwenda naye kambini safari hii nikaone ujenzi. Akasema njia mbaya, mchanga mwingi, subiri kwanza nyumba iishe. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa hanitazami usoni, na unamjua Modisaotsile, hajui kudanganya, masikio yanamwiva.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Akinunua sukari nyingi, ni ya huko. Akikohoa, ni vumbi la huko. Septemba ikaisha, Oktoba ikapita, tukaingia Novemba. Jumamosi ya kwanza nikasema yatosha. Nikapanda lori linalopeleka dizeli visimani, bila kumwambia mtu isipokuwa Oratile.

Nilifika jua la utosi. Modisaotsile hakuwepo, alikuwa kisimani. Nikaiona nyumba. Vyumba viwili, bati jipya, na jiko lenye dirisha linalotazama mashariki. Ndugu yangu, niliumia. Nilisema huyu mtu hana haya, amemchukulia mwenzangu hata dirisha langu. Nikaingia ndani, blanketi limetundikwa msumarini kama linangoja bega. Nikatoka nje, nikaona zizi dogo pembeni, la miti iliyokatwa juzijuzi, na ndani yake mitamba, wanene, wametengwa na ng'ombe wengine. Nikawahesabu. Wanane.

Hapo sikuwa na haja ya kuambiwa na mtu. Mahari ilikuwa mbele ya macho yangu, inacheua. Nikaona masikio yana vidonda ambavyo havijapona vizuri, yaani wameshakatwa alama ya ukoo unaowapokea. Nikajiambia, vizuri, leo masikio haya yatanitajia jina la mwenzangu. Nikavua viatu vya shule, nikapanda ua, nikaingia na sketi yangu. Nikamshika wa karibu pembe.

Sikio la kulia limepasuliwa kama mkia wa mbayuwayu. La kushoto limechongwa kwa chini.

Gaolathe, alama hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikishika vichwa vya ndama Baba akiikata, wewe umejificha nyuma ya sketi ya Mama ukiogopa damu. Nilimwachia yule mtamba, nikamshika wa pili, na wa tatu. Wote ni wa Baba. Nikatoka nikakaa ukingoni mwa birika la kunyweshea. Nilikuwa nimetoka Kanye kuja kumkamata mwanamke anayeolewa kwa siri, na nimemkamata, ndiye mimi.

Modisaotsile akanikuta hapo. Alikuwa na ndoo mkononi, akasimama kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni. Kisha akanieleza yote, na wewe ukajitokeza katika kila sentensi. Kumbe koti lilikuwa la kwenda kwako. Kumbe wajomba zake walikaa barazani kwenu na Baba Mdogo Ramotse wakizungumzia thamani yangu, na bwana harusi wa miaka hamsini na moja ameachwa nje ya geti kwenye pikapu mpaka saa sita, maana kwa mila mwoaji haonekani, na wewe hukumpelekea hata chai. Kumbe wewe ndiye uliyemwambia asiniambie, ukisema nikijua nitakuja kwenye mazungumzo na chaki mkononi. Na kwa kuwa huna kisima, ukamwomba mitamba wako waendelee kukaa kwake hadi mvua. Hiyo ndiyo maana ya kikulacho ki nguoni mwako. Wanakunywa dizeli yetu, mheshimiwa.

Nilimuuliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hii, tena wakati tunahitaji kila ng'ombe. Akakumbushia msiba wa mke wa Seleka, mwenzake wa kazini. Unaukumbuka. Ndugu wa marehemu walifunga geti, jeneza likakaa juani mpaka Seleka alipoleta ng'ombe wa mahari ndipo akaruhusiwa kumzika mke aliyeishi naye maisha yote. Modisaotsile alikuwa miongoni mwa waliobeba. Akaniambia, "Mama Oratile, siwezi kwenda kuzeeka porini na mtu nisiyeruhusiwa kumzika." Alisema hivyo tu, akaenda kumwaga maji birikani.

Nililia. Kwa furaha nililia, na kwa hasira pia, kwa sababu mngeniambia tu nisingeugua miezi mitatu. Nikajifunga lile blanketi, joto lote lile, nikapika nalo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Wahenga walisema mficha uchi hazai, kwa hiyo nafunua. Sikupeleka barua yangu ya kustaafu.

Septemba yote nilikuwa nayo mkobani. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi nililiona lile koti. Nikajiambia siachi mshahara nikakae kwenye nyumba ya mke mwenzangu. Muda ukapita. Mwaka ujao mzima nitafundisha tena, na kengele zake zote. Na Modisaotsile nilimwambia nimeipeleka, ila ofisi inachelewesha majibu. Siku ile pale jikoni, machozi hayajakauka, akaniuliza ofisi imesemaje, nikajibu bado. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Gaolathe. Nilikuwa nimevaa blanketi lake na nikasema bado.

Tangu hapo sina raha. Ananipigia kila jioni akipanda juu ya tangi kutafuta mtandao, ananiambia dirisha limepata kioo, kuku wameanza kutaga. Hajanishuku hata mara moja. Mimi niliyemshuku kwa ajili ya koti na sukari, yeye ananiamini na ninamdanganya kila siku. Na juzi amesema imetosha, wanamchezea mkewe. Jumatatu, baada ya wiki ijayo, anakuja mwenyewe kwenye ofisi ya elimu kuwagombeza. Utakuwa unaona kitakachotokea. Atasimama mbele ya wale makarani, aanze kunitetea, na wao watafungua jalada wamwambie hakuna kitu, mkeo hajawahi kuandika.

Ayasikie hayo kutoka kwa mwingine ni sawa, lakini asiyasikie kutoka kwa karani. Na mimi nimejaribu mara tatu kumwambia kwa simu, nimeishia kuuliza habari za kuku.

Sikuombi uwarudishe ng'ombe. Wote wawili tunajua kurudisha mahari ni kunivunjia ndoa, na hata kama ungewarudisha ungeanzia wapi, wako kwangu. Lakini aliyepokea ng'ombe wa mwanamke amepokea na mdomo wake. Miaka ishirini na minne nikigombana na mume wangu sikuwa na mtu wa kwenda kunisemea, kwa sababu hakuna aliyekula chochote. Sasa umekula. Nenda kwake wewe na Baba Mdogo Ramotse, kama mguu utamruhusu. Mwambieni kwamba ndugu yenu amekosa, kwamba alishuku akaficha, na kwamba anaomba angojewe mwaka mmoja. Akitaka kukasirika akasirikie mbele yenu, ndiyo kazi yenu. Akikubali, usinitumie ujumbe. Niacheni nisikie kwake mwenyewe jioni akipanda tangi.

Mwambie mkeo, Mama Kagiso, nampenda na ile mbegu ya tikiti nimemwekea. Wabusu watoto. Nawe jitunze, na Mungu akusafirishe salama katika mchanga ule.

Usichelewe, Jumatatu haipo mbali. Fika kwake kabla jua halijatoka, na uvae koti.

Ni mimi dadako, ambaye nasikia ameolewa,
Onkemetse.