Mwanamke Ndani ya Moshi

Bugembe, Jumatatu

Kwa dada yangu mpendwa Kadija,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii imekukuta mzima hapo Nakaloke, wewe, shemeji na watoto. Mimi sijambo, ila mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Jumamosi picha zangu za kuchora zilitundikwa ukumbini Jinja. Kubwa kuliko zote ni ya mwanamke wa Kinubi, mweusi tititi kama tulivyo, amejifunika blanketi hadi shingoni, amefumba macho, moshi umemzunguka. Weh, kila mtu aliona lake! Mzungu mmoja alitokwa na machozi, akasema hayo ndiyo mateso ya mtu mweusi, akaomba niiite Utumwa. Afande Gaster, mlinzi wa mlangoni, alininong'oneza kwamba bila shaka huyo ni mke wa mwanajeshi, amechomewa nyumba enzi zile utawala wa jeshi ulipoanguka na Wanubi wakalipiziwa kisasi. Awuor muuza samaki wa Masese yeye aliuliza kwa nini nimemkausha mtu kama mbuta!

Nilicheka, lakini maneno yako yalinirudia: kwamba asiye Mnubi akitutazama haoni sura, huona buti na bunduki tu. Ndiyo maana uliapa sitaolewa nje ya kwetu.

Kisha akaja Siraje, fundi wa fremu, Msoga, Mwislamu mwenzetu. Hajui kabisa kwamba bibi harusi wetu hukalishwa kwenye moshi wa kuni za manukato. Aliitazama picha mpaka nikaanza kutoka jasho. Mwishowe akauliza huyu mwanamke anafurahia nini hivyo. Dada, nilitaka kupiga vigelegele!

Sasa nitubu. Moshi ule ni wa harusi yako. Nilichungulia mlangoni nikiwa na miaka tisa. Uso ni wangu. Siraje aliniposa tangu Ramadhani nami nikamwambia asubiri, kwa kukuogopa wewe. Jumamosi hiyo hiyo nilimwambia nimekubali. Wazee wake wanangoja neno lako, maana tangu mama atutoke, mama yangu ni wewe.

Mzungu alitaka kuinunua picha, nikakataa. Ni yako. Njoo uione, na umtazame Siraje kama yeye alivyonitazama mimi.

Nisalimie shemeji, na wanao uwabusu mmoja mmoja. Ukikubali, uje na kuni. Moshi wa pichani niliuchora peke yangu. Ule wa kweli sitaukalia usipouwasha wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Shamira