Asante kwa "Sijui" Yako

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mume wangu, mjukuu uliye mbali,

Hujambo? Unakula, au bado unashinda na chai tu kama mgonjwa? Mimi mzima, goti tu linanisumbua kwenye ngazi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo herufi zikilala usicheke. Shule niliiacha mapema, kushona sikuacha.

Nakuandikia kukushukuru. Mjomba wako alikuwa ameshampata mnunuzi wa vyerehani vyangu vyote vitatu, ili fedha zikanunue hisa za kampuni ya saruji. Ananiambia, "Mama, mtoto wetu kule kazini kwake, soko la hisa, ana kompyuta inayojua bei kabla haijapanda! Tumuulize tu, tumetajirika." Nikakubali, maana kichwa chako nakijua, kimetoka kwangu.

Tulipokupigia, sebule nzima masikio juu, ukatuambia kompyuta yako haijui kitu. Ni kama inarusha dadu maelfu kwa maelfu, inatazama bei ya dakika chache zijazo inaelekea kuangukia wapi, na hata hapo hukosea karibu nusu. Mjomba wako akakubana, "Na mwezi ujao je?" Ukasema, "Sijui, Mjomba. Na yeyote anayesema anajua, mkimbieni."

Nilikasirika, sikufichi. Ada yote ile niliyokulipia, halafu mtu anasema sijui mbele ya wageni! Lakini mnunuzi alipokuja na mkokoteni wake, nilimrudisha mikono mitupu.

Sasa usivimbe kichwa. Hisa zile zimepanda. Mjomba wako amenuna, hata salamu yangu anaipokea kwa pua. Mwache anune. Hata zingeshuka, ungekuwa umesema neno lile lile. Ungeweza kutudanganya ukaonekana mkubwa, na hukufanya.

Yule binti mcheshi ninayeshona naye angekuwa hana kazi leo. Anakuombea kila akitunga uzi.

Halafu nenda kwa kinyozi. Kwenye picha uliyotuma unafanana na fagio.

Mama yako anakusalimu. Mjomba wako pia, ingawa hajanituma. Mungu akulinde, akuzidishie akili na adabu ya kuitumia.

Siku wakubwa wako kazini wakitaka uwauzie watu uhakika usio nao, waambie bibi yako hakukulea hivyo. Wakikufukuza, njoo. Cherehani cha tatu, kile cha dirishani, hakina mtu.

Mimi nikupendaye bila kubahatisha,
Bibi yako.