Sahani Nyeupe ya Bi Saumu

Changamwe, Jumanne, Machi 1988

Kumbe alikuwa akiifuta! Miezi mitatu sahani yangu imekaa dirishani kwa Bi Saumu ili ikusanye vumbi la kiwanda cha vyuma, na kila nikienda kupima naikuta nyeupe.

Leo nimefika mapema, nikamkuta ameshika kitambaa.

"Chombo cha mgeni nikiache kichafu, mwanangu? Wallahi nitaona haya."

Nilimwambia asiisogeze. Sikumwambia asiifute.

Akanimiminia chai. Mjukuu wake alikuwa akikohoa chumbani, kikohozi kile kile cha siku zote, nami chai ikanishinda.

Ripoti niliipeleka wiki jana. Niliandika kwa mkono wangu kwamba nyumba ile haina vumbi. Wenye kiwanda wamenishukuru sana.