Theluthi ya Safia

Kisiwani, Magharibi ya Uskochi
Jumapili, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Mwadini,

Assalaam alaykum. Mimi na binti yangu Nahla tu wazima, ila nguo ndizo hazikauki. Wewe je, kifua kimepoa? Na hiyo kazi ya kusafirisha mizigo ya watu inakuacha ule mchana?

Nakuandikia kutoka kisiwa cha nne. Feri imezuiwa na upepo siku tatu, nami nimezitumia kutafuta kiwanja. Mvua ya huku hainyeshi, inarushwa, na inakuja kwa ubavu. Jana nilifungua mlango wa gari, upepo ukauchukua. Natembea na nondo: naidunga ardhini, nasikiliza kama kuna mwamba. Mara nyingi haigoti kitu. Ni lile tope jeusi wanalolikata na kulikausha likawa kuni. Juzi nilizama hadi magotini, kondoo wananitazama tu kama wakwe.

Najua utauliza kwa nini. Mwaka wa sita huu ni mkunga wa visiwa hivi, na karibu kila Pasaka mwenye nyumba hunitoa ili apangishe watalii. Nahla ana miaka minane na ameshahama mara nne. Nataka paa ambalo hakuna wa kunitoa chini yake.

Basi kaa kitako. Alhamisi nimemuuzia jirani yetu Bi Kauthar theluthi yangu ya nyumba ya marehemu baba, pale Malindi. Theluthi mbili ni zako, hazijaguswa. Wewe ni mshirika wangu, ndiyo maana nakuarifu wewe kwanza. Ukiwa na neno, liseme.

Dada yako,
Safia


Sanyuanli, Guangzhou, China
Jumamosi, 9 Machi 2024

Dada Safia,

Salamu nakupa kwa kuwa dini inaniamuru, na hali yako naiulizia kwa kuwa nakupenda. Baada ya hayo mawili, niruhusu nighadhibike.

Barua yako niliisoma siku ileile iliyofika. Nimechukua wiki nane kuijibu kwa sababu jambo zito halijibiwi kwa pupa, na kwa sababu nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu visiwa hivyo. Je, unajua zile kuta za mawe zisizo na paa, ambazo bila shaka umejibanza nyuma yake kukwepa upepo, ni za nani? Ni za watu waliofukuzwa karne mbili zilizopita ili kondoo wapate malisho. Umeuza nyumba ambamo hakuna aliyetufukuza, ili ukajenge mahali ambapo wenyewe walifukuzwa. Nionyeshe mantiki yake.

Mimi nina shahada mbili za mipango miji, nami nashinda nikiandika orodha za mizigo kwa bosi anayeniita "rafiki" kwa kuwa hajataka kujifunza jina langu. Nikifungua dirisha, jengo la pili liko karibu kiasi cha kumpa jirani mkono. Nayavumilia haya kwa sababu moja tu, kwamba iko nyumba Malindi yenye jina la baba. Sababu hiyo umeipunguza kwa theluthi, wala hukuniuliza.

Isitoshe, sheria ipo. Shufaa humpa mshirika haki ya kulitwaa fungu lililouzwa, kwa bei ileile, kabla halijaingia mkononi mwa mtu wa nje. Wanazuoni wameijadili kwa karne nyingi. Nimekuambatanishia hoja zao kurasa tisa, uzisome kwa utulivu. Wala usinijibu kwamba Bi Kauthar si mtu wa nje kwa kuwa alikulea. Jirani hupendwa, hapewi nafasi ya damu.

Ndugu yako mdogo, aliyeudhika,
Mwadini


Kisiwani
Jumapili, 17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Wa alaykum salaam, na Ramadhani njema. Nahla anakusalimu, amepoteza jino. Hasira zako zimefika salama, hata hazikulowa.

Kurasa zako tisa nilizisoma zote. Kisha nikampigia simu shehe wa msikiti wetu nyumbani, nikamsomea tangu mwanzo, kwa kuwa sikutaka kukudhulumu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakukatiza. Halafu akaniuliza:

"Na wapi amesema analitwaa?"

Nikazipitia tena, Mwadini. Hamna. Haki umeieleza, umeisifu, umeitetea, hukuidai. Shehe anasema mwenye shufaa hudai pale pale anapopata habari, hata akiwa sokoni na samaki mkononi. Akiketi kutafakari, imemponyoka. Wewe umetafakari wiki nane.

Nami nina la kukiri. Nilimwomba Bi Kauthar asichukue funguo kwa siku arobaini. Sikukuambia, maana anayedai haki yake hanong'onezwi majibu. Mtandao huku unapatikana juu ya kilima tu, na nilikipanda kila siku, upepo unanisukuma kama mtu anayenidai, nikaangalie kama umesema neno moja. Hilo fungu ungelilipa polepole, ningekuwa radhi. Siku ya arobaini ilinyesha mvua ya mawe. Nilipanda, nikashuka.

Kiwanja nimekipata. Nilikiona siku ya jua, mzee mwenye nacho akakataa kuniuzia. Akaniambia nirudi siku ya dhoruba ndipo nitajua ninachonunua. Nimerudi juzi. Nondo imegota mwamba urefu wa mkono tu.

Dada yako,
Safia


Sanyuanli
Jumapili hiyohiyo, 17 Machi 2024

Dada,

Nalitwaa. Nimesema, nalitwaa. Mwambie shehe kwamba aliye mbali hahesabiwi siku kama aliye karibu, na nina ushahidi wa hilo. Mwambie Bi Kauthar arudishe funguo. Nijibu leo.

Mwadini


Sanyuanli
Jumapili, 2 Juni 2024

Dada Safia,

Assalaam alaykum. Hujanijibu, na safari hii sitakuandikia hoja. Natumaini Nahla ameota jino, na msingi umechimbwa.

Nilimghadhibikia shehe, kisha Bi Kauthar, kisha wewe kwa kunyamaza. Walipokwisha, nikazisoma upya kurasa zangu, kama msahihishaji wa mtihani wa mtu asiyemjua. Hoja ni nzuri. Aliyeziandika ni mwongo. Kulitwaa fungu lako kungenilazimu kurudi kuishi humo, na miaka saba hii hakuna aliyenifunga kamba huku. Nilitaka wewe usiwe na nyumba nyingine, ili ile ya baba ibaki na mtu wa kuihangaikia, nami nibaki na ya kujivunia. Ghadhabu yangu haijaisha. Imekosa tu wa kubebeshwa ila mimi.

Juzi Bi Kauthar, mshirika wangu, aliniandikia. Masika yameishusha boriti ya chumba cha baba, anaomba idhini yangu atengeneze paa. Ujumbe ulinikuta ghalani, mikono imejaa vumbi la maboksi. Nilikuwa na hoja tatu, zote imara. Nilimjibu hapo hapo alitengeneze.

Ndugu yako mdogo,
Mwadini