Miguu ya Nyuma ya Simba

Jumamosi, 18 Januari 2025
Miaka hamsini na miwili, makala mamia kwa mamia, na leo nimekuwa matako ya simba! Mwalimu Chen, msimamizi wa ujenzi hapa Lusail, Qatar, anatufunza mchezo wa simba kwa ajili ya mwaka mpya wa Wachina. Trevor, ninayeishi naye chumba kimoja mtaa wa Muaither, ndiye kichwa. Mimi nimeinama chini ya kitambaa, nimeshika mshipi wake, sioni kitu. Nikaanza kueleza asili ya mchezo wenyewe — nimesoma. Trevor: "Buda, wewe ni mkia. Mkia haiongei."

Nikainama tena. Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, inaisha tarehe 31. Kampuni ya ulinzi imenitema kwa kumjibu bosi. Mwalimu Chen ameahidi kunitafutia kazi kwao baada ya onyesho. Mlango mwingine sina. Nairobi hakuna gazeti ambalo sijagombana nalo.

Jumatano, 22 Januari
Magoti yanalia. Lakini leo simba alipumua! Mwalimu Chen alipiga ngoma, miguu minne ikawa ya mnyama mmoja. Kwa dakika tatu sikuwa na maoni juu ya chochote.

Jumatatu, 27 Januari
Nimeharibu.

Mapumziko, kichwa cha simba kimewekwa sakafuni. Mwalimu Chen akasema naburuta miguu. Nikamjibu ni ngoma yake inayochelewa. Akasema kazi ya mkia ni kusikiliza. Nikamwendea, kidole juu — na simba alikuwa katikati yetu. Nikamruka.

 Simba harukwi, ni mwiko! Mwalimu akakiinua kichwa, akakipangusa, akakibeba kama anayebeba mgonjwa. Hakunitazama.

Niseme sikujua? Uongo. Kwetu Kisii nani huruka miguu ya mtu aliyelala? Nilichapwa kwa hilo nikiwa na miaka sita.

Jumanne, 28 Januari
Mke wangu Kwamboka kwenye simu: "Baba Kerubo, omba msamaha tu. Utakufa ukiwa na haki."

Nimeuandika huo msamaha. Kurasa nne. Nimeusoma: ni mashtaka. Nimezichana.

Jumatano, 29 Januari
Siku ya onyesho. Saa nane mchana, nje ya ukumbi. Watu wamejaa. Trevor amembembeleza Mwalimu Chen mpaka akatoka na simba. Akanipa kijiti cha udi kinachowaka: niiname mbele ya simba, niseme nimekosa. Basi.

Nikainama. Nikasema nimekosa. Akaanza kutabasamu — kisha mdomo wangu huu: "Ila ngoma kweli ilichelewa."

Mwalimu ameingia ndani na simba. Mlango hakuufunga.

Trevor amechungulia: "Mzee, unaingia ama nitafute miguu ingine?" Siku mbili za ikama zimebaki, ngoma imeanza, udi nimeuchomeka kwenye ufa wa ngazi, na mimi nimeketi naandika — naandika! — badala ya — basi, naingia.