Maana Niliyoikuta Mahege

Jumatatu, 6 Oktoba
Kusahihisha tena. Madaftari ya kidato cha pili. Neno la leo "open-minded", kila mmoja atunge sentensi. Nilipoliandika ubaoni walicheka. Sikuelewa mpaka jioni, Salma aliponieleza kwa aibu. Salma ni mtoto wa marehemu wifi yangu, tunaishi naye hapa Kibiti. Kumbe kwa vijana msichana "open-minded" ni yule asiyemkataa mwanamume yeyote. Nimeudhika.

Wengine wameandika ni mtu wa kisasa. Mmoja: ni mtu anayekubali kila kitu. Nikampa vema, kisha nikaifuta. Sivyo. Kamusi inasema ni aliye tayari kuyapima mawazo mageni. Nimetafuta mfano wa mtu kama huyo nisimpate.

Jumapili, 12 Oktoba
Salma alikwenda Mahege kumsalimia bibi yake. Hajarudi. Amevunja ungo hukohuko, na mama mkwe amemweka ndani. Hatatoka mpaka achezwe ngoma ya unyago, Desemba. Mtihani wake wa taifa ni Novemba.

Hamadi, mume wangu, anasema mama yake ndiye kungwi mkuu pale, nani atambishia. Nina hasira. Sijala.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mwalimu mwenzangu ananishauri nimpigie mtendaji wa kata. Namba ninayo. Sijapiga. Nikipiga, Salma atapata mtihani na atampoteza bibi.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimekwenda Mahege. Hotuba niliipanga njia nzima.

Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Halafu akaanza kuuliza. Mtihani huo anautunga nani? Hauwezi kungoja? Asiyeufanya anakwenda wapi? Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua. Mwisho akasema, "Nikikosea mimi, anayeumia ni nani?"

Nikamwambia ni Salma.

Kisha akaniuliza kuhusu unyago najua nini. Mimi mtu wa Njombe, sikuchezwa. Sijui kitu. Akasema basi na yeye angependa kuulizwa. Nikamuuliza. Alizungumza mpaka alasiri ikaadhiniwa. Mtoto asiye na mama, nani atamwambia habari za mwili wake? Nani atamfundisha kumtambua mwanamume mwongo? Kuhusu mtihani hakuniahidi kitu. Nimerudi hivihivi.

Jumapili, 26 Oktoba
Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mama mkwe aliwaita makungwi wote uani kwake. Mimi na Hamadi tuliambiwa tukae barazani, mlango wa uani ukiwa wazi, tukaona na kusikia yote. Aliwaambia anataka mwali atoke akafanye mtihani, kisha arudi ndani. Bi Somoe, kungwi anayemzidi umri, alikumbusha jambo ambalo wote wanalijua: mwali akipigwa na jua kabla ya ngoma, hazai.

Na mama mkwe analiamini hilo. Ndilo linalonishinda kulieleza. Hakuliona upuuzi. Analiogopa kama wenzake.

Akasema, "Mimi ndiye niliyewafunza kwamba mwali halioni jua. Nimeuliza, nimesikia, nimelala nalo siku nyingi. Salma ataliona. Likiwapo baya, na linishukie mimi."

Hamadi aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona binadamu akifanya jambo kubwa namna hii, na amekaa tu kwenye kigoda.

Bi Somoe aliondoka bila kuaga. Wawili wakamfuata. Baadaye nilimkuta mama mkwe nyuma ya jiko akilia. Sikumsogelea.

Jumatatu, 27 Oktoba
Darasani nimewasimulia mfano wa lile neno, bila jina wala kijiji. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu, 10 Novemba
Salma ameingia kwenye mtihani. Bibi yake alimleta mwenyewe kutoka Mahege, amemfunika kanga gubigubi mpaka kwenye geti la shule. Hapo akaivuta ile kanga polepole. Jua kali. Akatazama juu, kisha akamtazama mtoto. Akasema, "Haya, nenda." Alikaa kivulini kwa muuza maandazi mpaka mtihani wa leo ulipokwisha. Sijui alikuwa anasoma dua gani.

Jumamosi, 6 Desemba
Ngoma, Mahege. Bi Somoe hakuja. Mama mkwe aliutazama mlango mara nyingi, halafu akaacha.

Makungwi walipokuwa wanaingia chumbani kwa mwali nilibaki nje, kama ipasavyo kwa asiyechezwa. Mama mkwe akanirudia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko tayari kusikia. Nilivua viatu. Nimekaa chini, karibu na Salma, mwalimu mzima, mtoto kwa hesabu yao.

Niliyoyasikia hayaandikwi.