Kulizunguka Shamba la Mtu Aliye Hai

Jumanne, 9 Machi 1954. Mbeya.

Mvua tena. Chai bila maziwa. Darasani tangu asubuhi: sisi makarani wa baraza upande wa dirisha, mabwana shamba upande wa mlango, tumekaa kama wanaume na wanawake kanisani. Hatupendani sana. Wao wanasema sisi tunajua karatasi tu. Sisi tunasema wao wananuka samadi.

Somo la leo: ardhi ya mila na mazao ya kudumu. Mwalimu wetu, Mwingereza mfupi anayejua Kiswahili kutushinda sisi, alisema mahindi yakishavunwa ugomvi nao umekwisha, lakini mkahawa huishi kuliko aliyeupanda. Kwa hiyo mwenye shamba asingoje kufa. Aligawe akiwa na macho yake. Wazee wawepo, mipaka itembelewe, kila mrithi asimame kwenye sehemu yake aonekane na watu. Hapo kesi haizaliwi.

Nimeandika kila neno. Nilifurahi kama mjinga. Mawazo yalikwenda moja kwa moja kwa Rebeka.

Ijumaa, 12 Machi.

Mafunzo yamekwisha. Cheti ninacho. Mwalimu aliita jina langu mbele ya mengine, nikatembea kwenda kukipokea kwa maringo, nakiri.

Rebeka ni dada yangu mkubwa. Alifiwa na mume akarudi nyumbani na wanawe, wakati mikahawa ya Baba ilikuwa haijatupita magoti. Yeye ndiye aliyeikuza. Kupalilia, kupogoa, kubeba matandazo mgongoni. Mimi nilikuwa barazani na kalamu. Mdogo wetu Simeoni yuko migodini kwa Wabemba. Lakini Baba akifa leo, ukoo utasema shamba ni la wanaume.

Nimeshaona. Mwaka jana mwanamke wa mlima wa pili alitolewa kwenye kahawa aliyoipanda mwenyewe, na hukumu niliiandika mimi, kwa mwandiko mzuri. Sitaki kuandika ya Rebeka.

Jumapili, 21 Machi. Nyumbani.

Baada ya ibada nilimweleza Baba. Alikuwa akitia mpini kwenye jembe. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza nani amepogoa sehemu ya bondeni miaka yote hii. Nikasema Rebeka. Akasema basi ni yake, akarudi kwenye mpini wake.

Nikamwambia maneno ya mdomo hayatoshi. Wazee waitwe, mipaka itembelewe, mimi niiandike barazani. Kisha akauliza kama ni lazima kutembea. Nikasema ndiyo, ndivyo tulivyofundishwa. Akasema haya.

Hakubisha hata kidogo. Nilidhani nitapigana naye hadi mavuno. Mtu anayejiandaa kwa vita akaambiwa vita hakuna, anajiona shujaa vilevile.

Jumatano, 14 Aprili.

Nimegombana na Rebeka. Eti kutembea hataki.

Anachosema nakijua. Kwetu shamba huzungukwa matanga yakiisha. Wazee mbele, warithi nyuma na majembe begani, kila mmoja akiambiwa hapa anasimama. Nilitembea hivyo nyuma ya watu tulipomaliza kumlilia Babu, nikiwa mdogo, na umande ulinilowesha hadi kiunoni. Hakuna aliyewahi kulizunguka shamba la mtu anayepumua. Nikamwambia ile ni desturi ya msiba, hii ni kupima mipaka. Vitu viwili mbalimbali.

Akasema, "Watakaotuona hawakwenda Mbeya, Lazaro."

Nilikasirika. Nilimwambia nafanya haya kwa ajili yake, na kama anataka kufukuzwa kama yule mwanamke mwingine aseme. Alikwenda jikoni. Simeoni ametuma neno kwa watu wanaorudi kutoka migodini: kahawa haitaki, aachiwe kiwanja cha nyumba tu. Kwa hiyo kizuizi hakuna. Tutatembea.

Jumamosi, 24 Aprili.

Imefanyika.

Ukungu mzito, majani yamelowa. Walikuja wazee wa ukoo, mzee wa kanisa, na bwana shamba na kamba yake ya kupimia na vigingi vya mipaka. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu isipokuwa kimoja, ambacho sikukifikiria kabisa. Baba atembee wapi?

Alianza mbele. Wazee wakasita, maana mbele ni pao. Akaja nyuma, akatukuta sisi warithi na majembe yetu, akaona pale napo si pake. Hakuna aliyemfukuza. Wala hakuna aliyemwonyesha mahali. Mwisho aliingia katikati ya mikahawa akawa anatembea peke yake, sambamba na sisi, tukimwona kofia tu juu ya matawi.

Niliona. Sikusimamisha watu. Nilikuwa nikihesabu vigingi vilivyopigwa.

Watu wa njiani walisimama kututazama. Mama mmoja alitua mzigo wake chini, kama tufanyavyo maiti ikipita. Mimi nilisimama juu kwenye sehemu yangu; Rebeka alisimama bondeni kwenye yake, ameinamisha kichwa. Bwana shamba alinipongeza. Tulikula ugali na kuku, wazee wakaondoka.

Nimeridhika. Naliandika tena nilione vizuri: nimeridhika.

Jumatatu, 26 Aprili.

Nimeandikisha barazani. Muhuri umepigwa. Dada yangu hanyang'anywi na mtu.

Alhamisi, 13 Mei.

Asubuhi hodi mlangoni. Baba. Nikadhani kuna mgonjwa. Alivua kofia, akasimama nje, akasema anaomba ruhusa akate kuni kwenye sehemu yangu, pale mpaka wa juu, kama sitaona vibaya.

Anaomba. Kwangu. Miti aliyoipanda kabla sijazaliwa.

Nilicheka, nikidhani ni utani wake. Hakucheka. Nikasema Baba, kata zote. Akashukuru. Alishika kofia yake vile hadi alipopotea kwenye kona.

Sikwenda barazani mapema. Nilikaa tu na viatu mkononi.

Jumapili, 6 Juni.

Mkutano wa wakulima wa kahawa baada ya ibada. Baba ndiye aliyeleta miche ya kwanza kilimani hapa, aliichukua misheni akaibeba kwa miguu, wakamcheka kwamba analima maua. Leo walimwamkia vizuri, wakampa kiti ukutani karibu na vikongwe wanaosinzia. Walipofika kwenye habari ya mashine ya kumenya kahawa, mambo ambayo yeye anayajua kuliko wote, walituuliza mimi na Rebeka.

Hawakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linaloniuma. Kama mtu angemdharau ningemshika shati. Hakuna wa kumshika.

Uchumaji umeanza. Rebeka anasema kila siku Baba husimama pembeni ya shamba hadi aambiwe ingia. Jana alimwambia, ingia Baba, akajibu hataki kumsumbua mwenye shamba.

Jumanne, 15 Juni.

Nilikwenda kwa Baba na nakala ya maandikisho. Nilimsomea polepole: shamba ni lake kulitumia hadi atakapofariki, sehemu ya Rebeka nayo ni vivyo hivyo, warithi wanangoja. Sheria iko upande wake. Nilieleza vizuri, nadhani vizuri kuliko mwalimu wangu. Alinisikiliza kwa adabu ileile anayomsikilizia mtu wa kodi.

Kisha akasema, "Mmenizunguka, mwanangu. Mmenizunguka na hamkunililia."

Nikamwomba msamaha. Akasema hakuna kosa, Rebeka amepata shamba, kazi niliyosomea nimeifanya. Akanipa ndizi niwapelekee watoto.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la dada, na aliyevunjika si mimi.

Ijumaa, 18 Juni.

Nimekwenda kwa wazee wa ukoo. Niliuliza kama tunaweza kung'oa vigingi, kufuta maandikisho, shamba lirudi kama lilivyokuwa. Wakatazamana. Mkubwa wao akasema tukilirudisha leo, siku Baba atakapokufa kweli watalizunguka upya kwa mila, na kwa mila Rebeka hana kitu. Alisema bila ukali, ananionea huruma.

Nilimpelekea Baba shauri hilo. Ndiyo mara pekee aliyonikaripia mwaka huu. Alisema nikigusa vigingi vya bondeni nisimwite baba tena.

Kwa hiyo yamebaki. Maji yamemwagika, na niliyeinamisha mtungi najulikana.

Ijumaa, 2 Julai.

Mwalimu wa Mbeya alikuja na wanafunzi wapya kuona shamba letu. Sasa tunaitwa mfano. Alitembea mipaka yote, akasifu, akawaonyesha vigingi, akasema tazameni, hapa hakutakuwa na kesi. Ni kweli, hakutakuwa.

Akamwita Baba awaeleze wanafunzi alivyojisikia kuligawa shamba akiwa hai. Baba akasema, "Muulizeni mwenye shamba," akaninyooshea kidole.

Wanafunzi walicheka. Mwalimu naye akacheka, akanipiga bega. Nilieleza. Ulimi wangu ulieleza peke yake, mimi nilikuwa natamani nizame.

Jumatatu, 12 Julai.

Baba ameondoka. Alimwambia Rebeka anakwenda kuwasalimu wajomba zake ng'ambo ya mpaka, kwa Wanamwanga wa upande wa pili. Rebeka hakushtuka hadi alipoona blanketi halipo, na jembe halipo. Mtu haendi kusalimu na jembe.

Alipanda lori la Tunduma. Watu wamemwona. Alikuwa mchangamfu, wanasema, alitania dereva njia nzima.

Rebeka hanilaumu kwa mdomo. Alianika kahawa kutwa nzima, hakula. Jioni alisema yeye kama asingedai kitu angefukuzwa pamoja na watoto wake, angerudi kulima vibarua, lakini angekuwa na baba hadi mwisho. Sijui kama ni kweli. Watoto wake wangesema nini? Nimeligeuza hivi na hivi, silipatii jibu.

Jumatano, 11 Agosti.

Naitwa kufundisha. Makarani na wazee wa mabaraza ya Msangano na Chitete watakusanyika mwezi wa kumi, mimi nifundishe somo la urithi wa shamba. Mwaka jana ningeruka kwa furaha.

Nilipokwenda Mbeya kuchukua ratiba, nilimuuliza mwalimu: siku ya kutembelea mipaka, mwenye shamba atembee wapi? Akauliza maana yake nini. Nikamweleza yote, habari ya matanga, ya kofia juu ya mikahawa, ya kuni. Alisikiliza kwa makini, ni mtu mwema. Mwisho akasema ni jambo la kusikitisha, lakini hilo ni la nyumbani, si la sheria, na ratiba imejaa.

Nitalifundisha hata hivyo. Nitawaambia wamketishe mzee mlangoni kwake, na waje kwake kila mpaka mmoja ukikamilika, wamwombe yeye ndiyo au hapana. Au wasitembee kabisa. Sijui. Najua tu walichokosea watu wa nyumbani kwangu, yaani mimi.

Jumamosi, 25 Septemba. Tunduma.

Nakwenda kumleta. Lori, vumbi, nimekuwa mwekundu hadi kope. Sokoni wanauza samaki wakavu na mitumba, kila mtu mukwai huku mukwai kule, ndilo neno lao la heshima, bei inaanza kwa Kibemba na kumalizikia kwa Kiswahili. Nimemnunulia Baba blanketi jipya na tumbaku. Nimetayarisha maneno. Nitamwambia Rebeka hali. Nitamwambia kahawa ya juu imeshikwa na ugonjwa wa majani na hakuna anayejua dawa. Si uongo mkubwa.

Kesho nitatembea kwa miguu, wanasema ni karibu.

Jumapili, 26 Septemba. Ng'ambo.

Nilimkuta amekonda, amechangamka. Wajomba wamempa kipande cha pori. Vijana wamemkatia matawi, yeye anayalundika, watachoma mvua ikikaribia, apande ulezi. Si pakubwa. Mahali pa mkopo, udongo wa kawaida, miaka michache utachoka na itabidi ahame. Alinionyesha mwisho wake huku na mwisho wake kule, anatembea mbele na mimi nyuma. Alizungumza sana. Alikuwa na maoni kuhusu kila kisiki.

Nilisema maneno yangu yote. Ya Rebeka, ya ugonjwa wa majani. Kuhusu majani alinipa dawa papo hapo, akanifanya niirudie hadi nikaishika. Kuhusu kurudi alitikisa kichwa. Nikamuuliza, je, akiugua. Akasema kuna watu hapa. Nikamuuliza, je, akifa.

"Mnizike huku," alisema. "Mje mlie kwanza. Halafu mzunguke."

Nikaitika, ndiyo Baba.

Niliona matawi mengine hayajalundikwa, nikavua koti nimsaidie kabla jua halijapanda. Akaniambia niyaache pale, hapa ni kwake, mgeni hafanyi kazi kabla ya kula. Akaingia ndani kukoroga ugali mwenyewe.

Nikakaa pale aliponionyesha.